Maneno Niliyomtilia Mgeni Kinywani

Miaka michache iliyopita vijana wanane Wakatoliki kutoka Ulaya walikuja kukaa mwezi mzima katika parokia yetu hapa Kalemie. Wenyewe waliiita safari hiyo misheni. Walijua Kifaransa, Kiswahili hawakukijua. Mimi nilikuwa katekista mzee niliyemaliza sekondari kwa Kifaransa, basi padri akaniomba niwe mkalimani wao.

Siku zao zilifanana. Misa ya asubuhi, chai na mkate, kisha kupaka rangi madarasa ya shule ya msingi mpaka jua liwashinde. Mchana walikula bukari, yaani ugali, na ndakala, wakiwatoa vichwa wale samaki wadogo mmoja mmoja. Saa tisa tulipanda gari la misheni kwenda Katanika, kwa watu waliokimbia vita vijijini mwao. Huko vijana walicheza mpira na watoto, wakaimba, wakasali rozari. Mimi nilikaa mbele na dereva. Siku hizo watu walinisalimia kuliko kawaida, na nilipenda.

Binti mmoja kati yao alimzoea mama aliyekimbia kutoka upande wa Kiambi, mwenye mtoto wa kike ambaye alikuwa hajaanza kutembea. Siku moja binti alishika mchi amsaidie kutwanga sombe, yale majani ya muhogo. Akina mama wakavunjika mbavu. Mmoja akaniita Papa, yaani baba, kama walivyozoea:

"Papa, umuulize, anatwanga sombe ama anaibembeleza?"

Nikatafsiri. Binti akacheka mpaka mchi ukamtoka mkononi.

"Umwambie bwana yake atakufa na njaa!"

Hilo nalo nililitafsiri. Ya kuchekesha niliyatafsiri yote.

Kabla hawajafika, sisi wa kamati ya mapokezi tulikuwa tumekubaliana kwamba mgeni haombwi kitu. Kundi lililowatangulia liliombwa viatu, simu, hata miwani ya usoni, tukaona haya. Mimi ndiye niliyepaza sauti kuliko wote kwamba ombaomba wanatuaibisha.

Jumamosi moja, vijana wakipanda gari turudi, yule mama alikuja mbio, mtoto mgongoni amefunikwa kitenge.

"Papa, umwambie mutoto ana joto tangu juzi. Hanyonyi. Gari inarudi mujini, batuchukue mpaka hospitali."

Binti akaniuliza anasema nini. Nyuma ya mama niliona wanawake wengine wawili wakisogea. Nikawaza, nikikubali huyu mmoja, kesho watakuja kumi, na wageni watasema sisi ni watu wa namna gani?

"Anakushukuru kwa urafiki wako," nikamwambia binti. Akaushika mkono wa mama kwa furaha.

Nikamgeukia mama. "Anasema gari imejaa."

Gari halikuwa limejaa.

"Sawa, Papa," akasema, akarudi nyuma ili dereva apite.

Jumapili hatukwenda Katanika. Jumatatu tulikuta mikeka imetandikwa nje ya kibanda chake na wanawake wameketi kilioni. Mtoto alikuwa amezikwa asubuhi ile. Binti akapiga magoti, akalia kwa kwikwi.

"Kwa nini hakuna aliyetuambia?" aliniuliza.

Nilimjibu kwamba homa ya watoto huku kwetu haisubiri.

Mama alimtazama binti, kisha akaniambia, "Umwambie sina kinyongo naye. Gari ikijaa, imejaa."

"Anasema nini?"

"Anasema Mungu akubariki."

Wiki iliyofuata wakaondoka. Nilijiambia kwamba mtoto yule angekufa tu, hata angefika hospitali. Huenda. Sitajua, kwa sababu mimi ndiye niliyemzuia kufika. Lakini kilichoninyima raha ya kula ni kwamba mfiwa alikuwa amemsamehe mtu asiyemkosea, nami nilikuwa nimesimama katikati nikiupokea msamaha usio wangu.

Nikapanda pikipiki peke yangu mpaka Katanika. Nilimkuta anaanika mihogo.

"Mama, yule binti hakukataa. Sikumwambia. Maneno yale yalikuwa yangu."

Hakuinua uso. Alipanga vipande viwili, vitatu vya mihogo.

"Nafasi ilikuwa?"

"Ilikuwa."

"Ngapi?"

"Mbili."

"Mimi na yeye," akasema.

Nilianza kuomba radhi, akanikatiza.

"Binti umemwambia?"

"Bado."

"Usimwambie. Alilia sana." Kisha akanyoosha mkono kuelekea miguu yangu. "Sogea, Papa. Unakanyaga chakula."

Nikasogea. Kisha nikarudi mjini.

Kila Noeli binti huniandikia kwenye simu, anamuulizia mama. Namjibu kwamba mama ni mzima na anamsalimu sana. Tangu siku ile mama hajanituma salamu yoyote.