Mgeni Asiyekubali Kiti

Saa tatu kasoro asubuhi, huko Katana, kijiji cha Kivu, Adélaïde Cirhuza anakataa kiti kwa mara ya tatu.

Kiti chenyewe ni kizuri, cha mbao, kimefutwa vumbi kwa ukingo wa kitenge. Mwenye nyumba, papa Jean-Marie Mushagalusa, anakisogeza karibu zaidi. Mgeni naye anasogea pembeni, mkoba begani, akitabasamu.

"Ikala, maman," anasema mzee. "Watu watasema nini? Kwa Mushagalusa wageni wanasimama sawa miti?"

"Nitaikala, papa. Lakini bado."

Adélaïde ana miaka arobaini na mitatu na amesomea uuguzi. Siku hizi ni mratibu wa kituo cha Bukavu katika utafiti wa pamoja unaotafuta chanzo cha magonjwa ya akili ndani ya vinasaba, yaani ule urithi wa mwilini ambao mtoto huupata kwa wazazi wake. Vituo viko vinne, kila kimoja katika nchi yake. Kituo kimoja peke yake hakioni kitu, maana watu wake ni wachache mno. Vinne vikitia vilivyo navyo katika chungu kimoja, huenda vikaona.

Kazi yake ni kuhakikisha kuwa chungu hicho kina kitu kutoka Kivu. Anazunguka vijiji kwa pikipiki, anaeleza, anapokea sahihi, anageuza majina kuwa namba, kisha kila Alhamisi anabishana na wenzake kwa simu. Kinachokusanywa ni mate tu: kichupa cha mgonjwa, cha mama na cha baba. Kikikosekana kimoja, familia haihesabiwi.

Vituo vimekubaliana kwamba kisichofikisha familia mia mbili kamili kabla ya mwezi kwisha kitaachwa nje. Adélaïde ana mia moja tisini na tisa. Ya mia mbili ni hii. Binti wa nyumba, Chancelle, ameshatoa mate yake, na mama yake, Madeleine, pia. Baba amekataa mara mbili, na leo ni Ijumaa ya mwisho.

Kiti nacho kina kisa chake.

Mwaka wa kwanza alipeleka vichupa sitini na viwili kwenye maabara, nje ya nchi. Jibu likarudi kwamba kumi na vinane vimeharibika, mate yamechanganyika na kinywaji. Wenzake wakamuuliza, kwa adabu zote, kama watu wa Bukavu huamkia pombe.

"Niliona haya, nikakasirika pia," anasimulia. "Sheria ni nusu saa bila kula, bila kunywa. Na kila mutu nilimuuliza, papa, umekunywa kitu? Wote wakasema hapana. Watu ya kanisa, watu wazima. Nikasema, sasa wote hawa wananidanganya?"

Hawakumdanganya. Jibu alilikuta Luhwindja, kwa shangazi yake, siku ya ubatizo. Shangazi alimimina kasiksi, ile pombe ya ndizi, akapiga funda moja mwenyewe, ndipo akampa mgeni kikombe. Ni adabu ambayo huko kila mtoto anaijua: mwenyeji huonja kwanza ili mgeni aone kwamba kikombe hakina ubaya. Adélaïde alicheka mpaka shangazi akanuna.

"Nikamuuliza, tantine, leo umekunywa? Akasema, mimi? Hata tone. Nikamuuliza, na hii? Akaniangalia sawa mujinga. Akasema, hii nimeonja. Kuonja haiko kunywa."

Kumbe muda wote alikuwa akiiharibu kazi yake kwa makalio yake mwenyewe. Mgeni akikaa, humiminiwa. Akimiminiwa, mwenyeji ameshaonja. Kukataa kinywaji ni tusi. Kukataa kiti ni kituko tu, na kituko husamehewa. Tangu siku hiyo husimama nusu saa nzima mpaka mate yatoke, na vijijini wamempa jina la Maman Debout, mama wa kusimama. Amepiga hesabu akakuta amesimama karibu saa mia moja, na soli za jozi tano za viatu zimekwisha.

Papa Mushagalusa anakiacha kiti. Mzee huyu si mchoyo wa mate, ana lake moyoni.

"Maman, miaka tisa wakwe zangu wanasema ugonjwa ya Chancelle ilitoka kwetu," anasema kwa sauti ya chini. "Ndugu zangu wanasema ilitoka kwao. Sasa karatasi yako ikisema ni mimi? Nitamuangalia mutoto namna gani?"

Barazani, Madeleine anachambua maharagwe kwenye ungo. Mikono yake inasimama.

Swali hilo Adélaïde amelijua tangu ujana wake. Dada yake mkubwa, Lucie, aliugua akiwa na miaka kumi na tisa, akapitishwa vyumba vya maombi miezi saba kabla ya kufikishwa hospitali. Leo Lucie ni mzima wa kutosha kufundisha shule ya msingi. Mama yao, lakini, alifariki akiamini kwamba tumbo lake ndilo lililomharibu mwanawe. Ukimuuliza Adélaïde kwa nini anafanya kazi hii, atakuambia hilo bila kuzunguka, na machozi yatamlengalenga hapo hapo mbele yako.

"Papa, ukikataa leo, dawa ya Chancelle itaendelea vilevile," anamwambia. "Na hakuna karatasi yenye itaandikwa jina yako. Utakuwa namba. Ugonjwa hii haitoki kwa mutu moja. Ni vitu kidogo kidogo, mingi sana. Zingine kwako, zingine kwa maman Madeleine, na maisha inaongeza yake. Angalia ungo ile. Nani anaweza sema ni punje gani ilijaza?"

Mzee anautazama ungo. Anataka kuamini, ila miaka tisa si siku tisa.

Hapo Chancelle anatoka jikoni akijifuta mikono. Ana miaka ishirini na saba, anauza samaki sambaza sokoni, na huu ni mwaka wa tatu dawa zimempatia utulivu.

"Papa, pua hii nilitoa wapi?"

Ni pua pana, haina ubishi. Mzee anagusa ya kwake.

"Kwangu."

"Siku moja nilikushitaki?"

Madeleine ndiye anayeanza kucheka, na punje zinamwagika nje ya ungo. Mzee anajikaza, anashindwa, anacheka mpaka anashika nguzo.

"Leta kichupa," anasema. Na kwa furaha ya kukubaliana anageuka nyuma. "Madeleine, leta na kasiksi, tufunge neno."

Bidoni, yaani dumu la kasiksi, inainamishwa, kikombe kinajaa, mzee anakiinua.

"Papa," anasema Adélaïde, "mimi niko bado nasimama."

Mkono unaganda hewani. Mzee anatazama kikombe, anatazama miguu ya mgeni, anaelewa. Anakiweka chini kwa masikitiko ya kweli.

Kicheko hukausha kinywa, hivyo kazi inachukua dakika kumi na mbili. Chancelle anamsaidia baba yake kwa kumtajia sambaza za kukaanga, pilipili na ndimu. Mate yanafika mstarini. Adélaïde anafunga kichupa, anakitikisa, anabandika namba, kisha anaandika ujumbe kwa vituo vingine vitatu: Bukavu, mia mbili.

Hajidanganyi kwamba utafiti utamponya Chancelle kesho. Majibu yatachukua miaka miwili, labda mitatu. Sasa anachodai kila Alhamisi ni kwamba yasomwe kwanza vijijini, kwa Mashi, lugha ya huko, kabla ya mkutano wowote wa wataalamu. Wenzake wamekubali, ingawa tarehe haijapangwa.

"Mama yangu hakupata mutu ya kumuambia haikuwa kosa yake," anasema. "Hapa watu wataambiwa wakiwa wazima."

Kisha anajishusha kitini taratibu, anavua viatu, anashusha pumzi. Papa Mushagalusa anapiga funda lake na kumpa kikombe kwa mikono miwili.

"Siku majibu inarudi nitaita wakwe wote na ndugu zangu wote," anasema. "Wasikie pamoja."

"Uite, papa. Siku ile sitatafuta mate ya mutu," anasema Adélaïde. "Nitaanza na kukaa."