Harusi Iliyowahi Matanga

Pikipiki mbili za kukodi ziliwashusha kwenye lango la hospitali, Saigon. Sương, mkulima wa machenza kutoka Lai Vung, hakuwa ameuzoea mji ule. Akamshika mumewe mkono.

"Ni kumalizia tibabu ya kidonda tu," Khởi akarudia. Alikuwa na wimbo huo tangu uvimbe ulipotolewa titini, kabla ya Tết, sikukuu yao ya mwaka mpya. Uvimbe wa mafuta, alisema.

Mwuguzi akachungulia. "Jamaa wa Sương!"

Khởi akaingia peke yake. Sương akabaki karibu na mwanamke aliyefunga kilemba, Nhàn kwa jina, aliyekuwa akitafuna embe bichi kwa chumvi na pilipili.

"Umepata ngapi, dada? Mimi tatu."

"Watoto?"

Nhàn akacheka hadi akapaliwa. "Protini, mwenzangu! Wanaipima kwenye nyama waliyokukata, sifuri mpaka tatu. Tatu ni saratani ya mbio. Lakini ina sindano zake, zinaiandama protini hiyohiyo. Mwaka wa nne huu, bado nagombana na majirani."

"Mimi yalikuwa mafuta tu."

Nhàn akaacha kutafuna. "Nani kakwambia?"

Sương ilimjia harusi ya Thơ, bintiye. Ilipangwa ifanyike mavuno yakiisha. Ghafla Khởi akaiwahisha, ati bwana harusi kapata kazi mbali. Mama wa bwana harusi alilia akimvisha bibi harusi dhahabu. Majirani walikula mchuzi wa bata huku wakimtazama Sương kama bakuli lililo ukingoni mwa meza. Naye akaimba, akacheza, akawajazia sahani.

Kwao, aliyefiwa na mzazi haolewi mpaka matanga ya miaka mitatu yaishe. Ndiyo maana mzazi akikata tamaa ya kupona, watoto huozwa haraka. Sương mwenyewe alishazisengenya harusi za namna hiyo.

Akausukuma mlango bila kubisha.

"Niliwaambia kidonda kikipona tuanze!" daktari alikuwa akifoka. "Mmekaa miezi minne!"

"Ulisema protini nyingi, ugonjwa unakimbia," Khởi alijitetea. "Tukajua hakuna tumaini tena. Tukaona mtoto aolewe kwan—" Akamwona mkewe.

"Nilisema na dawa ipo. Hukusikiliza." Daktari akamgeukia Sương. "Mama, tumechelewa. Siwezi kukupa matumaini yale ya mwanzo. Lakini tukianza leo, yapo. Kwanza upimwe moyo, maana sindano hizi huuelemea."

"Ningeulizwa," Sương alisema, "ningekuja siku ileile."

"Mama Thơ, tuliogopa ungevunjika moyo..."

"Thơ alijua?"

Khởi akainamisha kichwa.

"Kijiji kizima kilijua. Mmenilisha matanga yangu mwenyewe, nami nikawaongezea wali." Sauti yake haikupanda. "Na vitambaa vyeupe vya msiba, mmeshanunua?"

Akaelekea mlangoni.

"Mwambie Thơ avifanye matambara ya jikoni."

Nje, Nhàn alikuwa ameshasimama, embe mkononi. "Chumba cha moyo ni ghorofani, dada. Twende nikuoneshe."

Khởi akawafuata mpaka kwenye ngazi.

"Wewe kaa," Sương akamwambia. "Watakapoita jamaa, usiitike."

Akapanda, akishikilia mkono wa mtu aliyemjua tangu asubuhi. Khởi akarudi akaketi kwenye kiti alichokuwa amekalia mkewe, kofia ya ukindu aliyoiacha mkewe ikiwa mapajani.