Kinu cha Chisense

Vipande vya soya vikiloweshwa vinanuka gunia lililonyeshewa. Sijui ni nani aliyevitazama akasema hii ni nyama. Unavitafuna, vinatoa maji, kisha vinarudia umbo lake kama sponji ya kuoshea vyombo, na ukifanikiwa kuvimeza vinakaa hapa kifuani vikikusubiri. Jioni ya kwanza nilitoka nje nikavitema nyuma ya choo, mtu mzima na ndevu zangu.

Mimi ni mchuuzi wa samaki Kashikishi, kando ya ziwa Mweru. Kwetu nyama ni ya harusi na misiba; siku nyingine zote ni samaki, na asiye na samaki ana chisense, wale dagaa wadogo wanaoanikwa mchangani. Halafu binti yetu wa mwisho akaanza kuvimba midomo kila akila samaki. Mara ya pili alikoroma kama anayekabwa. Muuguzi wa kituo cha afya alikataza samaki wa kila aina, hata mchuzi wake, akasema akila tena huenda koo likafunga kabisa.

Mama yangu, aliyezaliwa ng'ambo ya ziwa, Kongo, na ndiye mwenye jiko letu, alidhani ni mzaha.

"Mutoto wa Mweru," alisema, "samaki inamukatala namna gani?"

Lakini alipoelewa, alitushinda wote kwa ukali. Alitoa nyumbani kila kitu chenye magamba. Kuku wake, ambao walilelewa kwa mabaki ya samaki mpaka mayai yao yakanuka ziwa, aliwauza. Mimi nilikatazwa kuingia ndani kutoka sokoni kabla ya kuoga, na mtoto akafundishwa na bibi yake kuninusa shingo kwanza.

Basi tukabaki na majani na ile soya. Huku kwetu chisense hutwangwa na kutiwa kwenye sombe, yaani kisamvu, kama vile chumvi, hata mtu akiulizwa amekula nini hujibu sombe tu. Sasa tulikula hiyo tu yenyewe. Ilikuwa matope ya kijani yenye mvuke. Bamia za magadi zilivutika kutoka sahani hadi kidevuni, na nikizitazama mate yalinijaa kinywani, wala si ya hamu. Mke wangu alinicheka, akasema mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Yeye mwenyewe nilimwona akiziba pua huku akikoroga soya.

Mama alituhurumia. Siku moja alitwanga karanga akazitia kwenye majani ya viazi, kama wanavyopika watu wa upande wa mke wangu, na kwa mara ya kwanza nikala bila kulaani mtu. Nikaongeza. Mtoto naye akaongeza. Hatujanawa mikono, midomo yake ikaanza kuvimba.

Nilimbeba kwa baiskeli hadi kituo cha afya, kifua chake kikipiga filimbi mgongoni mwangu. Walimwahi. Tuliporudi naye, mke wangu alikuwa anakagua karanga, mafuta na sufuria, haoni kosa. Mama alikuwa ameketi karibu na kinu chake. Aliingiza mkono ndani, akakwangua chini kwa ukucha, akaunusa. Miaka yote kinu kile kilikuwa kimetwanga chisense. Alikuwa amekiosha kwa maji ya moto akaridhika, lakini mti hunywa.

"Ni miye nilimutwangia sumu," alisema. "Mukipasule. Kama inabakia hapa, siku ingine nitasahabu."

Kilikuwa kinu cha ndoa yake, alichovuka nacho ziwa wakati wa vita akaacha godoro. Nilimwambia tukimpe jirani. Alikataa, kwa kuwa mjukuu wake hucheza huko pia. Alinipa shoka mwenyewe.

Mke wangu alimpeleka mtoto nyumba ya mbali, upande unakotoka upepo, nami nikakipasua kinu, nikawasha zile kuni. Mama akabandika sufuria ya soya juu yake, maana moto haupotezwi. Kisha kinu kikaanza kutoa harufu. Chisense wa miaka yote walitoka kwenye ule mti, wakavu, wa chumvi, watamu, na mimi nikahisi machozi. Nilimega ugali mkavu nikala na ule moshi. Mama alinitazama, akamega naye. Soya hatukuigusa.

Moto ulipokufa tulizika majivu. Nilioga, nikabadili shati, nikaoga tena, nikaenda kumchukua binti yangu. Alikuja mbio akasimama hatua moja mbele yangu. Niliinama. Alininusa shingo upande huu na upande huu, taratibu, kisha akanikumbatia.