Chupa Aliyokuwa Akipewa Twaiba

Siku miguu yangu ilipokataa kuchoka ndiyo siku niliyoharibikiwa.

Anayeujua mlima wa kutoka Kombani kupanda Kwale anajua hauna huruma. Pale ndipo mapaja huwaka moto na mtu humkumbuka mamake.

Mimi siku hiyo niliupanda kama ninayeteremka. Moyo ulinidunda mpaka kwenye meno, lakini miguu, wapi! Haina habari.

Nikashinda.

Nitawaeleza nilivyoshinda. Matusi wekeni mpaka nimalize.

Naitwa Hafsa. Naendesha baiskeli za mashindano, nina diploma yangu ya hoteli, na ulimi ninao, sijaazima kwa mtu. Shoga yangu alikuwa Twaiba wa Galu. Tulijifunza pamoja, tukaanguka pamoja, tukapakana dawa magotini.

Kisha Twaiba akaanza kunishinda.

Mara ya kwanza nilimkumbatia. Mara ya pili nikampa mkono. Mara ya tatu nikajifanya natafuta kofia.

Lakini si mbio zilizoniuma. Kilichoniuma ni chupa.

Kila kabla ya mbio, mwenyekiti wa chama chetu, Mzee Boga, alimwita Twaiba kando na kumtolea chupa mkobani.

"Shika mwanangu. Hii yako peke yako."

Twaiba aliinamisha kichwa, akaipokea kwa mikono miwili. "Ahsante baba. Mungu akuweke."

Na mimi je? Mimi nilipewa "jitahidi, jitahidi."

Boga huyo ndiye aliyechagua timu. Ndiye aliyepanga mazoezi. Ndiye mkuu wa kamati ya nidhamu. Akikukosea, unakwenda kumshtaki kwake mwenyewe. Miaka tisa, uchaguzi hatujauona hata kwa ndoto.

Kwa hiyo sikulalamika. Nilitazama tu.

Februari, Msambweni, nyuma ya gari lake, kizibo cha buluu. Machi, Diani, kizibo chekundu. Nilivijua vizibo vile kama mke mwenye wivu anavyoyajua mashati ya mumewe.

Julai zikaja mbio za Msambweni hadi Kwale. Mshindi mmoja tu wa kike angeitwa timu ya taifa. Mmoja!

Asubuhi ile Twaiba alikwenda msalani, akaacha mfuko wake. Nikaimimina chupa yake yote kwenye yangu, yake nikaijaza maji.

Nikajisemea: leo ndiyo tutajua nani ana kipaji na nani ana mwenyekiti.

Kombani nikainywa. Mengine mnayajua.

Kileleni tukawakuta wapimaji kutoka Nairobi. Hawakuwa wamemwarifu mtu. Mimi wa kwanza, Twaiba wa pili, sote tukatoa mkojo.

Wiki tatu baadaye barua ikanifikia. Dawa iliyopigwa marufuku.

Twaiba? Safi kama maji ya kisima.

Hapo ndipo nilipotaka kupasuka. Miezi sita mwenzangu anakunywa, hana kitu. Mimi mara moja tu, nimenaswa! Yaani hata dawa inampendelea yeye?

Kamati ilikaa ukumbini Matuga. Katikati ya meza ameketi nani? Boga. Pembeni yake Bi. Caroline, mjumbe kutoka Nairobi, na daftari lake.

"Binti," Boga akaniuliza, kana kwamba ndiyo kwanza ananiona, "dawa umeitoa wapi?"

Nikisema, mimi mwizi. Nikinyamaza, baiskeli basi.

"Nimeiba kwa Twaiba. Na aliyempa ni wewe!"

Boga akacheka. "Mwenyewe huyo hapo. Muulizeni."

Twaiba akasimama, machozi yanamtiririka. "Alinipa. Kila mbio alinipa. Lakini sijanywa hata tone."

"Ulizipeleka wapi?" Bi. Caroline akauliza.

"Nilihisi ni dawa, nikawa nazimwaga. Nikifika asiponiona, namwaga. Mtu mzima akikupa kitu, hukikatai mbele ya uso wake. Kwetu tumelelewa hivyo. Nikadhani nikimwaga, yamekwisha."



Jamani, mmenielewa? Miezi sita nilishindwa na msichana aliyekunywa maji matupu. Alinishinda kwa miguu yake mwenyewe. Hakuna sumu inayochoma kama hiyo.

"Hawa wamepanga uongo," Boga akasema. "Twaiba, shahidi wako nani?"

Twaiba akatazama chini. Hakuwa na shahidi.

Na moyo wangu, wallahi, ukaninong'oneza: nyamaza. Mwache azame na yeye.

Nilikaribia kuutii. Mungu ndiye shahidi.

"Mimi," nikasema.

Nikataja tarehe. Nikataja mahali, rangi za vizibo, kanzu aliyovaa Boga, maneno aliyoyasema. Bi. Caroline aligeuza kurasa tatu.

"Umeyakumbukaje yote haya?"

"Wivu, bibi. Nilikuwa sipepesi."

Mwezi uliofuata Boga alivuliwa uenyekiti, wakubwa wakaichukua kesi yake. Mimi nimefungiwa miaka miwili. Bi. Caroline aliniambia mwili ni wangu, na kinachoingia ndani yake nitakijibia mimi. Nafasi ya timu ya taifa akapewa Twaiba.

Ndiyo, bado inaniuma. Siwezi kuwadanganya.

Kabla hajasafiri alikuja nyumbani. Tukakaa barazani.

"Kwa nini hukuniambia ni dawa?" nikamuuliza.

"Nilikuja mara tatu kukuambia, Hafsa. Nilitaka unishauri tumfanyeje mzee yule. Ulikuwa huniitikii hata salamu."

Nikainuka kumtilia chai. Mimi na ulimi wangu huu.

Basi wewe unayemwonea mwenzako kijicho kwa anachopewa, mwitikie salamu yake kwanza. Huenda anatafuta mtu wa kumsaidia kukimwaga.