Gari Lililokataa Kuwaka Uani kwa Mwenyekiti

Mwanangu, nakumbuka usiku mmoja nilioukesha nikiwaza betri ya gari. Cheka ukitaka. Nilikuwa binti wa kijiji cha Mabawe niliyetoka chuo cha ualimu juzi tu, nimepangiwa kufundisha sayansi katika kijiji cha ujamaa kule Nyantakara, na asubuhi yake mtu alikuwa apelekwe wilayani akiwa amefungwa kamba kwa sababu ya gari hilo. Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: je, betri imechoka yenyewe, au kuna mtu anayeimaliza? Na kama yupo, mimi ni nani hata nimtaje?

Mpaka leo nikisimulia habari hii nakasirika, kwa hiyo nivumilie.

Ulikuwa wakati wa vita vya Kagera. Kijiji kilikuwa na pikapu moja, na pikapu hiyo ililala uani kwa mwenyekiti. Dereva wake aliitwa Masanja, Msukuma aliyehamia kwetu kutoka Shinyanga na ng'ombe wake, akajenga ng'ambo ya bonde pamoja na wahamiaji wenzake. Kila asubuhi alikuja kwa miguu, akazungusha ufunguo, gari likakohoa kidogo na kunyamaza. Basi watu huitwa kulisukuma hadi kwenye mteremko wa shule, nao wanafunzi wangu huingia darasani wameshachoka kabla sijaandika neno ubaoni.

Ikafika siku ya kupeleka mahindi ya askari. Mvua ilikuwa imenyesha, mteremko wote ni utelezi, na gari halikuwaka hata kwa kusukumwa. Magunia yakashinda juu ya pikapu. Mwenyekiti akasema Masanja anaogopa kwenda karibu na vita, ndiyo maana analiharibu gari makusudi. Akalitamka neno hujuma. Siku zile neno hilo halikuwa la mzaha. Mtu aliyebandikwa aliondoka nalo, na hakuna aliyejua atarudi lini.

Masanja alijitetea kwa maneno machache. "Likilala Biharamulo mjini linawaka," alisema. "Likilala kwako, mzee, haliwaki. Angalieni hapo kwanza."

Unajua walimjibu nini? Kwamba amemwita mwenyekiti mchawi. Wakamwongezea kosa la pili, na watu wakaitikia kwa vichwa, watu wazima kabisa, kwa sababu hasira ilikuwa inatafuta mahali pa kutua na Masanja hakuwa shemeji wala binamu wa mtu yeyote pale.

Mwenyekiti akaniita mimi. Mwalimu wa sayansi, akasema, litazame gari kisha kesho kwenye mkutano uwaeleze wananchi ameharibu kitu gani. Jibu alikuwa nalo tayari. Alichotaka kwangu ni cheti changu kiwe muhuri wake.

Nikalitazama. Petroli ilikuwepo, na ilifika mbele vizuri. Mkanda wa feni ulikuwa umekaza. Nikamwomba Masanja, huku mgambo wamesimama naye, awashe taa za mbele kisha azungushe ufunguo. Taa zilikuwa hafifu, njano kama utambi unaokwisha, na alipozungusha ufunguo zikazimika kabisa. Starta ikatoa mlio mdogo tu, tik, tik. Maana yake umeme hakuna. Nikafungua boneti, nikitegemea kukuta ule ukungu mweupe unaoota kwenye vichwa vya betri, na nati zenye kutu. Nilikuta safi. Nati zilikuwa zinang'aa, kona zake zimelika kwa spana, kama kitu kinachofunguliwa kila siku. Nikamuuliza Masanja spana anaweka wapi. Akasema hana, sanduku la vifaa hukaa ndani kwa mwenyekiti.

Nikafunga boneti taratibu na kwenda zangu.

Usiku kichwa changu kilifanya kazi ambayo hakijawahi kuifanya chuoni. Labda dainamo haichaji. Labda kuna waya umechubuka unagusa bodi. Labda unyevu. Labda nati zinang'aa kwa sababu ni mpya. Nilitafuta kila kosa linaloweza kukaa ndani ya gari, ili nisilazimike kutazama lililokuwa nje yake. Kwa sababu nilijua, mwanangu. Kijiji kizima kilijua. Kila jioni tulijaa barazani kwa mwenyekiti kusikiliza habari za vita, redio imefunguliwa kwa sauti kubwa, wazee wanakunywa rubisi yao ya ndizi, na juu yetu inawaka taa nyeupe kali, katika kijiji ambacho mafuta ya taa na betri za tochi vilikuwa vimeadimika. Taa yenyewe ilikuwa globu kama ya taa ya mbele ya gari, imening'inizwa kwa waya, na waya unaingia chumbani kwake. Mimi mwenyewe nilisahihisha madaftari chini ya mwanga ule. Hakuna aliyeuliza unatoka wapi. Tulikula umeme wa gari jioni, na asubuhi tukamtukana dereva.

Bado niliogopa. Nyumba niliyolala alinipa yeye. Mimi ni Mhangaza wa mpakani, nina mashangazi upande wa Burundi. Wakati wa vita ni rahisi sana mtu kama huyo kuitwa jasusi. Kulipopambazuka nilikuwa sijaamua chochote.

Kilichoniamulia ni mkutano wenyewe. Masanja alikuwa amesimamishwa mbele, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya katani. Mke wake alisimama pembeni, mtoto mgongoni, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyesogea kusimama naye.

"Mwalimu," mwenyekiti akasema, "waambie alichokiharibu."

"Gari halijaharibika, ndugu mwenyekiti," nikasema. "Limeishiwa umeme. Betri yake hufunguliwa ikaingizwa ndani, na umeme wake unawaka barazani kwako kila jioni."

Katibu wa kijiji akatazama viatu vyake. Kisha bibi mmoja aliyekaa mbele akasema polepole, "Si ile taa? Mimi nilidhani wenye gari mnajua."

Wachache wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Akasema redio ni ya wananchi, na wote waliopo wameisikiliza.

"Kweli," nikasema, "hata mimi. Basi kama ni hujuma, tafuteni kamba ya kututosha sote."

Nikangoja mtu amfungue Masanja. Nilingoja, mwanangu, na hakuna aliyeinuka. Nikaenda mwenyewe. Fundo lilikuwa gumu, nikalilegeza kwa meno. Masanja alisugua vifundo vya mikono, akapanda kwenye pikapu, akakaa nyuma ya usukani akisubiri. Betri bado ilikuwa tupu. Jua lilikuwa limekausha mteremko, na siku ile waliosukuma ni wazee wa barazani, mwenyekiti katikati yao, na mimi nyuma nimekunja mikono ya gauni. Liliwaka.

Sasa nisikilize. Gari likikataa kuwaka nyumbani kwako, tazama taa zake, gusa nyaya zake, uliza lililala wapi na nani amelifungua. Usianze na mtu. Na ukianza na mtu, jiulize kama umemchagua kwa sababu ya ushahidi au kwa sababu hana ndugu wa kumsemea. Ukijua jambo, liseme mapema; mimi nilisema mikono ya mwenzangu ikiwa imeshavimba. Mungu akupe macho mepesi kuliko mdomo, akupe na ujasiri wa kuinuka wengine wakiwa wamekaa, na nyumba yako isimpe mke wa mtu sababu ya kusimama peke yake. Amina.