Moshi wa Pilipili Mazinde

Kifua changu ndicho kilichotuletea balaa. Nilitoka Handeni kwenda Mazinde kumsalimia baba mdogo, na jioni ya kwanza tu nikakohoa mpaka machozi. Shamba lake la mahindi linaanzia uani na kushuka hadi korongoni. Ng'ambo ya korongo ni pori la hifadhi, na tembo wa huko hawajui mpaka. Kwa hiyo kila mwenye shamba upande ule, jua likianza kushuka, huwasha matofali ya kinyesi cha tembo kilichochanganywa na pilipili kichaa. Tembo akiunusa moshi huo hugeuka. Mimi uliniingia kifuani, nikalala nimeketi, dawa ya kuvuta mkononi.

Jioni ya pili moshi ulipanda kwa jirani wa kushoto, ukapanda kwa jirani wa kulia. Kwetu, kimya. Baba mdogo alikuwa kwenye kigoda uani akitazama korongoni kama mtu anayesubiri basi, na matofali yamepangwa ukutani, makavu kabisa.

"Baba, mbona hatujawasha?"

"Upepo wa leo si mzuri."

Upepo ulikuwa uleule wa jana. Nikamfuata mama mdogo jikoni. Alikuwa anasonga ugali kwa hasira, wala hakuniangalia.

"Amekataza," alisema. "Anasema hukuja huku kufa. Na mahindi ndiyo kwanza yanakomaa. Mwaka jana waliyala yote, tukaishi kwa mihogo ya kuomba."

Nilipandwa na hasira, na hasira zangu haziji bila maneno. Nikarudi uani, nikamwambia nitajifunga khanga mbichi puani, na hilo likishindikana nitaondoka nikalale gesti Korogwe. Mwanamume yule mpole akanikazia macho.

"Mgeni wangu afukuzwe kwa moshi kama nyuki? Kaa chini."

Nikakaa. Baba yangu alishafariki, huyu ndiye baba niliyebaki naye, na sikujua namna ya kumpinga. Nilikaa nikiuchukia upole wake, nikikichukia na hiki kifua.

Hatukumaliza kula. Mlio ulitoka chini, wa mabua yanayovunjwa taratibu, bila haraka yoyote. Baba mdogo akanyakua debe na rungu, akateremka shambani. Mama mdogo alimwita, akamwita tena. Alizidi kushuka. Mwanga ulikuwa bado upo kidogo, nikaona migongo ya tembo juu ya mahindi na shati lake jeupe likiielekea.

Nilizoa makaa jikoni kwa koleo. Mama mdogo hakunizuia. Alinikabidhi tofali la kwanza, kisha tukayawasha yote, safu nzima. Sikumbuki kukohoa. Nakumbuka debe likilia, kisha likinyamaza, na mimi nikiita "Baba!" ndani ya moshi mpaka sauti ikaniishia. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Alipotokea alikuwa anatembea polepole, mguu mmoja hauna kandambili. Tembo walikuwa wamegeuka.

Asubuhi nusu ya shamba ilikuwa imelala chini. Majirani walikuja wamenuna, maana kabla hatujawasha, wale tembo walikuwa wamepitia kwetu wakaingia na kwa jirani wa kulia. Huyo ndiye aliyeanza.

"Mzee, wewe ndiye uliyetufundisha kuwasha. Jana ilikuwaje?"

Niliona mama mdogo akimtazama mumewe. Mumewe hakunitazama mimi.

"Nilipitiwa na usingizi," alisema. "Uzee huu."

Wakacheka kwa uchungu. Mmoja akamwambia aoe mke wa pili wa kumwamsha, na baba mdogo, mtu ambaye kijiji kizima kilimtegemea kwa moshi ule, akacheka nao. Nikafungua mdomo niseme ukweli, lakini mama mdogo alikwishafika, akanitia mkononi hindi la kuchoma, la moto, katika yale machache yaliyosalia.

"Kula, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Amekuvunjia mwenyewe alfajiri."

Nikala mbele yao wote, nikiona aibu kwa kila punje. Baba mdogo aliniuliza kama limeiva vizuri.