Sufuria Niliyoiosha Bila Kuambiwa

Mwezi uliopita binti yangu alinifumania nikizika chapati. Nasema kuzika kwa sababu sioni neno lingine linalofaa. Nilikuwa nimeinama juu ya pipa la taka jikoni kwetu hapa Nakuru, nimefunga ndani ya gazeti chapati tatu zilizoota ukungu na ndengu zilizochacha, nami nikizifunikia maganda ya viazi ili mtu asione. Mtu mzima, mwenye shahada mbili na miwani ya kusomea.

"Baba, hizo si zile za Jumapili?"

"Hapana," nikasema.

"Basi mbona unazificha?"

"Sifichi. Napanga taka."

"Sawa, Profesa wa Taka," akasema, akabeba chai yake akaenda zake.

Alicheka nami nikacheka, lakini nilipobaki peke yangu nilijikuta nimesimama tu pale, nikitazama mikono yangu. Mikono hii ilikuwa ikiijua kazi ile. Nimewahi kuandika makala kuwaonya wenzangu juu ya kutupa chakula. Nimewahi hata kualikwa kwenye ukumbi wa hoteli kuzungumzia njaa, na baada ya hotuba nikaacha nusu ya pilau kwenye sahani kwa kuwa kikao kilikuwa kinaanza tena. Sikuona haya siku hiyo. Haya ilinijia kwa chapati tatu, na ilitoka mbali, kutoka kijiji cha Kabazi, zaidi ya miaka arobaini nyuma. Ngoja nikusimulie, rafiki yangu, maana nyumbani kwangu sikuwa nimemsimulia mtu.

Baba alikuwa na kibanda cha kushona viatu mtaa wa Bondeni, hapa Nakuru, na shule zikifungwa alinipeleka kwa mama yake, ambaye sote tulimwita Shosho. Kabazi asubuhi ni baridi ya kuuma masikio. Ninachokumbuka kwanza ni jiko lake, nyumba ndogo ya udongo iliyojitenga na nyumba kubwa, kuta nyeusi kwa moshi, magunzi ya mahindi yakiwaka kati ya mawe matatu, na kifuniko cha sufuria kikigongagonga kama mtu anayebisha hodi bila haraka. Ndani yake githeri. Shosho aliipika mara moja kwa siku tatu, mahindi na maharagwe ya shamba lake, na sufuria yenyewe ilikuwa kubwa kiasi kwamba niliweza kuoga ndani yake, na nadhani nilipokuwa mchanga niliwahi kuoga.

Githeri ya siku tatu inahitaji kulindwa. Ichemshwe asubuhi, ichemshwe jioni. Asiingize mtu kijiko chenye mate. Na zaidi ya yote, ikitoka motoni isifunikwe kabla ya kupoa. Iondolewe kwenye mawe, iwekwe sakafuni penye baridi, ifunikwe kitambaa chepesi tu, na kifuniko kirudi baadaye kabisa. Ukiifunika ikiwa moto na kuiacha penye joto, itachacha kabla hujaamka. Likizo ile, nikiwa na miaka tisa, nilipewa kazi hiyo, na nilijiona mkubwa kuliko chifu.

Shosho hakuwa mtu wa kuchapa watoto. Alikuwa na desturi moja tu, na ilitosha. Kwake, chakula kilichoharibika kilikuwa na mwenyewe. Aliyekiharibu alikibeba kwa mikono yake, wazi, bila kukifunika, akapita mbele ya watu wote wa nyumba mpaka shimo la mbolea, na kabla hajamwaga alisema: ni mimi. Siku hiyo akala wa mwisho. Yakaisha, wala hakuna aliyekukumbusha kesho yake. Nilimwona Shosho mwenyewe akifanya hivyo. Alikuwa amesahau karai la viazi juani mpaka vikageuka kijani, visivyolika, naye akalibeba karai lile mpaka mlangoni tulipokuwa tumeketi, akasimama kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. "Hivi viazi ni mimi nimeviharibu," alisema. Sisi wajukuu tulitazama chini. Alikula wa mwisho, na kilichobaki kilikuwa kidogo.

Mwaka ule mvua ilichelewa, kisha ikaja kama mtu anayetimiza wajibu tu. Ghala lilikuwa likionekana sakafu. Hata hivyo Shosho alikuwa na mama mmoja wa kibarua aliyemsaidia kupalilia, na sehemu ya makubaliano yao ilikuwa chakula cha mchana, cha mama huyo na watoto wake wawili, msichana wa rika langu na mdogo wake wa kiume. Walikuwa wamekuja kutoka mbali na wakipanga chumba ng'ambo ya mto. Lugha yetu hakuijua, kwa hiyo yeye na Shosho walizungumza Kiswahili cha shamba, na mimi nilipenda kukaa karibu niwasikie.

"Mama, hii mstari unapalilia ama unapapasa?"

"Napapasa kwanza, Shosho. Ikinizoea ndio nitalima."

"Hiyo mdomo yako ingekuwa jembe, tungekuwa tumemaliza jana."

"Na githeri yako ingekuwa na nyama, ningemaliza hata ya jirani."

Wakacheka wote wawili, Shosho akishika kiuno. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo na mtu mwingine.

Sasa kosa langu. Jumanne jioni nilichemsha githeri, lakini nje watoto walikuwa wakicheza mpira na timu yetu ilikuwa na upungufu wa mtu. Sikuitoa sufuria juu ya mawe. Niliibamiza kifuniko ikiwa bado inatoa mvuke, nikaweka na jiwe juu ili paka asiingie, nikakimbia. Asubuhi Shosho alikuwa ameondoka mapema kwenda soko la Subukia na kuku wawili. Nilipofungua nichemshe, nilikuta povu. Harufu ilinipiga puani, kali, kama uji uliosahauliwa. Na ile ilikuwa githeri ya siku mbili zilizobaki.

Nilijua la kufanya. Nilitakiwa niiache palepale mpaka Shosho arudi, niibebe mbele ya wote, niseme maneno mawili. Lakini nilimfikiria yule msichana akinitazama, nikafikiria kula wa mwisho mwaka ambao wa mwisho hakuwa na uhakika wa kupata kitu. Nikaiburura sufuria hadi chooni, choo cha shimo nyuma ya nyumba, nikamwaga yote. Kisha nikaisugua kwa majivu ikang'aa. Sufuria iliyooshwa na mimi bila kuambiwa ilikuwa ushahidi tosha, lakini mwizi wa miaka tisa hafikirii mbali.

Shosho alirudi saa sita, akafunua kifuniko.

"Githeri iko wapi?"

"Sijui," nikasema. Kisha nikaongeza jambo ambalo lilikuwa kweli kabisa, na ndiyo maana mpaka leo naliona baya kuliko uongo: "Mama wa kibarua aliingia hapa asubuhi."

Aliingia kweli. Aliingia kunywa maji.

Shosho hakupandisha sauti. Alimwita, na yule mama akaja akifuta udongo mikononi, watoto wake nyuma, kwa maana ilikuwa saa ya kula.

"Mama, kama ulichukua ya kubebea watoto, niambie tu. Mimi sina ubaya. Njaa inajua kila mtu."

Yule mama alitazama sufuria tupu, akanitazama mimi, akamtazama Shosho.

"Mimi nikitaka chakula, naomba," alisema. "Si nimekuwa nikiomba hapa na mdomo yangu?"

Alisubiri. Shosho hakujibu upesi. Nadhani kama angejibu upesi, mambo yangekuwa mengine. Yule mama aliegemeza jembe ukutani kwa adabu, akamshika kila mtoto mkono, akaondoka. Watoto hawakuwa wamekula.

Alhamisi hakuja. Ijumaa hakuja. Sisi tulikula viazi vya kuchemsha. Mistari ya shamba ilibaki na magugu, na jikoni hapakuwa na mzaha. Niliwaza jambo moja tu: wale wawili wanakula wapi mchana? Nilijua jibu, kwa sababu mwaka ule kila mtu alijua majibu ya maswali kama hayo.

Ijumaa mchana nilimwona Shosho akipakua viazi na mboga kwenye sahani yake nzuri ya bati yenye maua, akaifunika kitambaa.

"Unaenda wapi?"

"Kwa yule mama. Kama alichukua, alikuwa na haja, na mimi nikamuuliza mbele ya watoto wake. Hapo nimekosa mimi."

Alikuwa anakwenda kubeba kosa ambalo halikuwa lake. Nilimfuata mpaka karibu na mto ndipo nikamshika leso, nikamwambia yote: kifuniko, povu, choo. Nilitegemea kofi. Hakunipiga. Alisema, "Rudi ulete sufuria."

"Si iko tupu?"

"Ndiyo. Ilete hivyo hivyo."

Niliibeba kichwani sufuria ile tupu nikapita nayo mbele ya boma baada ya boma. Wanawake waliokuwa wakichambua maharagwe waliuliza, "Unapeleka nini, kijana?" nami nikasema, "Hakuna." Mmoja alicheka: "Hakuna yenyewe ni kubwa namna hiyo?" Katika maisha yangu nimebeba vitu vizito zaidi, lakini sivikumbuki.

Yule mama alikuwa ameketi mlangoni pake. Niliweka sufuria chini, nikasema ni mimi. Niliiharibu, nikaimwaga.

"Uliimwaga wapi?"

"Chooni."

"Chooni," alirudia, polepole, kama mtu anayejifunza neno geni. Alitazama watoto wake. "Si ungenipatia tu hata hiyo yenye imechacha? Ningeiosha. Ningeichemsha na magadi."

Shosho naye alisema ni yeye, kwamba alimuuliza mtu mzima kabla ya kumbana mtoto, na kwamba shamba linamngoja. Yule mama alipokea sahani kwa mikono miwili na kushukuru.

"Nimesikia, Shosho. Na huyu kijana nimemsamehe, ni mtoto. Lakini wewe ulinyamaza. Nilikaa pale nikingoja useme 'hapana, huyu namjua,' na ukanyamaza. Sirudi."

Hakukuwa na hasira katika sauti yake. Ingekuwepo, Shosho angepata mahali pa kushika.

Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Hata kama huna kitu, unaweka majani mawili ya mboga, yai, kiganja cha chumvi. Ni namna ya kusema tutaonana tena. Jumapili baada ya kanisa yule msichana alifika langoni, akanikabidhi sahani ya maua. Ilikuwa imeoshwa ikang'aa, na ndani hapakuwa na kitu. Shosho aliipokea, akaigeuza upande wa chini, akaigeuza tena, akaiweka rafuni. Siku hiyo alikula wa mwisho. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, wala hapakuwa na chakula kilichoharibika.

Kabla ya mavuno walihama. Wengine walisema wamekwenda upande wa Naivasha kutafuta kazi kwenye mashamba ya maua, wengine wakasema wamerudi kwao.

Binti yangu nilimwambia ukweli kuhusu zile chapati. Ilinichukua siku mbili. Nilisema mezani, maneno mawili tu, naye akanitazama kama mtu anayefikiria kumpeleka mzazi hospitali. Tumekubaliana kwamba chakula kikiharibika nyumbani, aliyekiharibu atakisema kabla hakijatoka. Yeye ameshasema mara moja, mtindi. Mimi mara tatu. Sijui kama tunatupa kidogo kuliko zamani. Najua kwamba sasa nafungua friji kama mtu anayeingia ofisi ya mwalimu mkuu, natazama kilicho nyuma kabla ya kilicho mbele. Kwa miaka mingi nyumbani kwangu chakula kiliharibika chenyewe. Nyanya ziliharibika, maziwa yaliharibika, mkate ulishika ukungu. Hapakuwa na mtu katika sentensi zile.

Jiko la udongo halipo tena. Shamba liligawanywa, na pale palipokuwa na shimo la mbolea binamu yangu amejenga nyumba ya kupangisha. Siku tulipomzika Shosho, nilimwendea jirani yake wa zamani, mama mzee aliyekuwa akichambua maharagwe siku nilipopita na ile sufuria, nikamuuliza kama aliwahi kusikia habari za yule mama wa kibarua. Nilitaka kumtafuta. Sikujua hasa nitamwambia nini, ila nilitaka nimwambie nikiwa mtu mzima.

"Yupi?" aliniuliza.

Nikaeleza: wa ng'ambo ya mto, mwenye msichana na mvulana, mcheshi, mwaka ule wa mvua kidogo.

"Jina lake?"

Nilifungua mdomo, nikaona sina. Alikuwa amekula kwetu likizo nzima, na hakuna siku niliyomuuliza. Yule mzee alinitazama kwa huruma, akarekebisha leso begani.

"Walikuwa wengi, mwanangu," alisema. "Mwaka ule walikuwa wengi sana."